Jackie Coogan na hoja kwamba mtoto alikuwa anacheza tu

Kiswahili hutumia kitenzi kimoja kwa mambo mawili ambayo mahakama ingependa yatengane. Mtoto akirukaruka nje tunasema anacheza, na mtu mzima akilipwa fedha nyingi kwa kusimama mbele ya kamera tunasema amecheza filamu. Katika mazungumzo ya kila siku hakuna anayechanganyikiwa. Lakini mwaka 1938, huko Los Angeles, maana hizo mbili ziligongana katika kesi ya mamilioni ya dola, pale kijana wa miaka 23 aitwaye Jackie Coogan, aliyekuwa nyota wa filamu alipokuwa mtoto, alipomshtaki mama yake mzazi pamoja na baba yake wa kambo, akidai fedha alizozichuma utotoni. Mama alijitetea kwa kusema kwamba hakuna aliyewahi kumwahidi Jackie chochote, na kwamba alipokuwa mdogo mwanawe alikuwa akijifurahisha tu, akidhani anacheza mbele ya kamera.

Maisha ya Coogan husimuliwa mara nyingi kama kisa cha mama mlafi, na msomaji humaliza akiwa amekasirika na pia ameridhika, kwa sababu mkosaji amejulikana. Mimi naona usimulizi huo unatupotosha. Mama huyo, Lillian Coogan, hakuvunja sheria yoyote. Utetezi wake ulisimama juu ya fikra ambayo wengi waliishiriki wakati ule, na ambayo haijatoweka hata sasa, kwamba anachokifanya mtoto mbele ya kamera hakiwezi kuwa kazi sawasawa, kwa kuwa mtoto mwenyewe hajui kuwa anafanya kazi. Maisha ya Coogan yana thamani kwetu kwa sababu yanaonyesha jinsi fikra hiyo inavyofanya kazi hatua kwa hatua, kuanzia siku mtoto anapoajiriwa hadi siku anapoambiwa kuwa hana anachodai.

Alizaliwa Los Angeles tarehe 26 Oktoba 1914, na jina lake kamili lilikuwa John Leslie Coogan. Wazazi wake wote wawili walikuwa watu wa jukwaani, wa maonyesho yale ya vichekesho, nyimbo na ngoma yaliyozunguka kutoka mji hadi mji kabla sinema haijayaua. Charlie Chaplin alimwona mtoto huyo mwaka 1919 katika ukumbi wa Orpheum wa Los Angeles, ambako baba yake alikuwa akionyesha ngoma zake na mwanawe kuletwa jukwaani mwishoni. Mtoto hakuwa ametimiza hata miaka mitano, lakini alikuwa na kipaji cha kuiga mtu yeyote kwa kumtazama mara moja, na Chaplin, ambaye naye alipanda jukwaani akiwa mdogo, aling'amua mara moja ni kitu gani kilichokuwa mbele yake.

Namna alivyoajiriwa inafaa kuangaliwa kwa karibu. Chaplin alieleza baadaye katika kumbukumbu za maisha yake kwamba alisikia mwigizaji mwingine wa vichekesho, Roscoe Arbuckle, ameshamchukua Jackie Coogan, akasononeka sana, kisha akagundua kwamba aliyechukuliwa ni baba, Jack Coogan, na wala si mtoto. Hapo akamtafuta baba na kumwomba amwazime mwanawe kwa ajili ya filamu moja. Baba alikubali papo hapo, tena kwa maneno ya mzaha, kama mtu anayeazimwa kofia. Sisemi haya kumkebehi Jack Coogan, ambaye kwa ushahidi wote alimpenda mwanawe. Ninachotaka kionekane ni umbo la makubaliano yenyewe. Mwajiri alizungumza na mzazi, mzazi akatoa ridhaa, na yule ambaye mwili wake, uso wake na machozi yake vilikuwa vinaajiriwa hakuwamo katika mazungumzo. Kila kilichofuata, hadi mahakamani, kilikuwa na umbo hilohilo.

Filamu iliyotokana na makubaliano hayo, The Kid, ilianza kupigwa mwaka 1919, ikaendelea hadi 1920 na kutolewa mwanzoni mwa mwaka 1921. Ni filamu bila sauti, kwa hiyo mtoto hana maneno ya kumsaidia. Kila kitu kinategemea mwili na muda. Yeyote anayeamini kwamba mtoto yule alikuwa anacheza tu na autazame mchezo wa vioo. Jackie, akiwa amevaa kofia kubwa kuliko kichwa chake na suruali iliyochakaa, hupita mtaani akivunja madirisha kwa mawe ili Chaplin, fundi vioo, apite nyuma yake na kulipwa kwa kuyatengeneza. Mara moja anauvuta mkono nyuma ili atupe jiwe, mkono unagusa kitu, naye anageuka polepole na kukuta ni nguo ya askari. Hakimbii. Analirusharusha jiwe mkononi kana kwamba hilo ndilo alilokusudia tangu mwanzo, analiachia lidondoke, kisha anajiondoa kwa unyenyekevu kabla ya kutimua mbio. Kuchekesha kwa namna hiyo kunahitaji hesabu kali ya nusu sekunde, na Chaplin alikuwa mwongozaji aliyejulikana kwa kurudia tukio mara nyingi mno hadi aridhike. Mtoto wa miaka mitano aliyeweza kulifanya jambo lilelile, tena na tena, kwa usahihi, huku akionekana kana kwamba analifanya kwa mara ya kwanza, alikuwa fundi wa kazi yake.

Kisha kuna tukio la lori. Maofisa wanakuja kumchukua mtoto wampeleke katika nyumba ya mayatima, wanampakia nyuma ya gari, naye ananyoosha mikono, anaomba, analia kwa kinywa kilichofunguka wazi ingawa hatusikii sauti. Zaidi ya miaka mia moja imepita na bado ni vigumu kulitazama hadi mwisho bila koo kukaba. Chaplin alisimulia jinsi machozi yale yalivyopatikana. Siku hiyo Jackie alikuwa mchangamfu kupita kiasi na hakuweza kulia. Baba yake akasema anaweza kumliza. Chaplin, akiwa na hatia moyoni, alimsihi asimtishe wala asimwumize mtoto, kisha akaenda zake chumbani kwa sababu hakuwa na ujasiri wa kubaki na kutazama. Baada ya dakika chache akasikia mtoto analia kwa sauti kubwa, na baba akatangaza kwamba yuko tayari. Walipomaliza kupiga tukio, Chaplin aliuliza alifanyaje. Baba akajibu kwamba alimwambia mtoto asipolia wataondolewa studio na atapelekwa kwelikweli katika nyumba ya maskini. Chaplin akambeba mtoto na kumbembeleza, mashavu bado yamelowa, akimhakikishia kwamba hakuna atakayemchukua. Mtoto akamnong'oneza kwamba alijua. Baba alikuwa anatania tu.

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Linaweza kusomwa kama dalili kwamba mtoto alikuwa mwigizaji kamili kiasi cha kuuchukua utani na kuugeuza kuwa machozi halisi. Linaweza pia kusomwa kama neno la mtoto anayemkinga baba yake mbele ya mgeni. Kwa vyovyote vile, kilichotumika kupata tukio lile maarufu kilikuwa imani ya mtoto kwa mzazi wake. Aliamini tishio kiasi cha kulia, na aliamini upendo kiasi cha kujua kwamba tishio lisingetimizwa. Imani hiyohiyo ndiyo iliyomfanya, kwa miaka kumi na minne iliyofuata, asiulize fedha zake ziko wapi.

Na fedha zilikuwa nyingi. Mwaka 1922 alicheza Oliver Twist, akiwa pamoja na Lon Chaney, na mwaka uliofuata akaingia mkataba na kampuni ya Metro uliomweka miongoni mwa waigizaji waliolipwa zaidi Hollywood. Jina na sura yake viliuzwa kando ya filamu: kulikuwa na wanasesere wa Jackie Coogan, filimbi, vifaa vya kuandikia shuleni, na siagi ya karanga iliyofungwa katika makopo yenye picha yake. Mwaka 1924, akiwa na miaka 9, alizunguka Marekani na kisha Ulaya kwa ajili ya shirika la Near East Relief lililokuwa likiwahudumia watoto wa Kiarmenia na wengine walioachwa yatima na vita na mauaji ya halaiki. Ziara hiyo ilikusanya vyakula, nguo na misaada mingine yenye thamani ya zaidi ya dola milioni 1, na huko Roma Papa Pius XI alimpokea. Mtoto aliyeigiza yatima alitumika kuwalisha mayatima wa kweli, na inasemwa kwa haki kwamba aliifanya kazi hiyo kwa moyo. Nyumbani kwao, posho yake mwenyewe ilikuwa dola 6.25 kwa wiki.

Kushuka kwake kulikuja kama kunavyowajia karibu wote wa kundi lake, kwa kukua. Mwaka 1927 nywele zake za kukatwa mviringo, ambazo zilikuwa alama yake duniani, zilinyolewa, na studio ikalifanya tendo lenyewe kuwa tukio la kutangaza filamu. Alirudi mwaka 1930 kama Tom Sawyer katika filamu yenye sauti, kisha simu zikapungua. Alijaribu chuo kikuu bila mafanikio makubwa. Sitakaa sana hapa, kwa kuwa hakuna fumbo lolote: soko lilimnunua akiwa mdogo na mzuri, na udogo hauna mkataba wa kudumu.

Tarehe 4 Mei 1935, Jackie alikuwa akirudi na baba yake na marafiki kutoka safari ya kuwinda huko Meksiko. Karibu na Pine Valley, katika milima ya mashariki mwa San Diego, gari lao liliacha njia na kubingirika. Baba yake alikufa, pamoja na mwigizaji kijana Junior Durkin na watu wengine wawili. Jackie peke yake, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha nje cha nyuma, ndiye aliyenusurika. Miezi mitano na ushee baadaye alitimiza miaka 21, umri ambao, kwa jinsi alivyoelewa tangu utotoni, angekabidhiwa alichochuma. Hakukabidhiwa. Mama yake aliolewa na Arthur Bernstein, aliyekuwa msimamizi wa mambo ya fedha ya familia, na jibu walilompa lilikuwa kwamba kila dola anayoichuma mtoto kabla ya kufikisha miaka 21 ni mali ya wazazi wake.

Jibu hilo linaumiza, lakini kisheria lilikuwa sahihi, na hapa ndipo kisa cha mama mlafi kinapotuzuia tusione. Sheria ya kale ya Kiingereza iliyorithiwa na majimbo ya Marekani ilimpa mzazi haki ya kazi na ujira wa mtoto wake, kama malipo ya kumlisha, kumvisha na kumtunza. Ilitungwa kwa ajili ya mkulima ambaye kijana wake anapalilia shamba la jirani na kuleta nyumbani sarafu kidogo. Haikumfikiria mtoto anayechuma katika mwezi mmoja kuliko baba yake katika maisha yake yote, wala kaya ambayo mtoto ndiye anayewalisha, kuwavisha na kuwanunulia magari wazazi. California ilikuwa imejenga tasnia nzima ya sinema huku kanuni hiyo ikiwa bado imeandikwa katika vitabu vyake, na hakuna aliyeiona kuwa tatizo mpaka Coogan alipoipeleka mahakamani tarehe 11 Aprili 1938.

Lipo jambo lingine la mwaka huohuo ambalo sijaliona likiwekwa kando ya kesi hiyo mara nyingi inavyostahili. Mwezi Juni 1938, Rais Franklin Roosevelt alitia saini sheria ya shirikisho ya viwango vya haki vya kazi, ambayo kwa mara ya kwanza iliwazuia watoto wa nchi nzima kufanya kazi viwandani na migodini kwa namna iliyodumu. Sheria hiyo iliwaacha nje, kwa maneno ya wazi, watoto wanaofanya kazi kama waigizaji katika filamu na maonyesho ya jukwaani. Ilikuwa miaka ambayo mwigizaji mtoto Shirley Temple alikuwa kipenzi cha taifa. Kwa hiyo, wakati Coogan alipokuwa akijaribu kuthibitisha mahakamani kwamba alikuwa amefanya kazi, Bunge la nchi yake lilikuwa likiamua kwamba kazi ya aina yake isihesabiwe pamoja na kazi za watoto wengine. Mama yake hakuwa peke yake katika kuamini kwamba mtoto alikuwa anacheza.

Kesi iliisha kwa mapatano mwaka 1939. Makadirio ya alichochuma utotoni yalikuwa kati ya dola milioni 3 na 4. Zilizokutwa zimebaki zilikuwa takribani dola 250,000, na yeye alipata karibu nusu yake, kama dola 126,000. Ndoa yake na mwigizaji Betty Grable, iliyofungwa mwaka 1937, ilivunjika mwaka huohuo wa 1939. Katika kipindi hiki cha ufukara inasimuliwa kwamba alimwendea Chaplin kuomba msaada, na Chaplin akampa dola 1,000 bila kusita. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na sina shaka fedha zile zilimsaidia Coogan. Hata hivyo nakiri kwamba kila nikikumbuka namna filamu ile ilivyompandisha Chaplin, naziona zikiwa kidogo.

Kelele za umma zilisababisha California ipitishe, mwaka huohuo wa 1939, sheria ambayo hadi leo huitwa Sheria ya Coogan. Jina lake limeheshimika kiasi kwamba wengi hudhani ililitatua tatizo. Kwa kweli ilikuwa ni kumpaka mtoto mafuta kwa mgongo wa chupa. Ili kuelewa kwa nini, inabidi kujua kwanza kwamba mkataba unaowekwa na mtoto ulikuwa dhaifu kisheria: mtoto angeweza kuukana. Studio zilizowekeza fedha nyingi katika mkataba wa miaka kadhaa ziliogopa hilo, kwa hiyo zilipeleka mikataba mahakamani ili jaji aiidhinishe na mtoto asiweze kuikana tena. Sheria ya 1939 ilijishikiza kwenye hatua hiyo. Ilisema kwamba jaji, anapouidhinisha mkataba, anaweza kuagiza sehemu ya mapato, isiyozidi nusu, iwekwe kando kwa ajili ya mtoto. Neno lenye uzito hapo ni "anaweza". Na mkataba ambao haukupelekwa mahakamani, kama ule wa kazi ya siku chache, haukuguswa kabisa. Ulinzi wa mtoto ulitegemea hofu ya studio. Zaidi ya yote, kanuni ya msingi haikubadilika: kisichowekwa kando na jaji kiliendelea kuwa mali ya mzazi.

Shirley Temple mwenyewe ni ushahidi wa udhaifu huo. Alipofikia umri wa kuuliza, aligundua kwamba kati ya zaidi ya dola milioni 3 alizochuma, kilichobaki hakikufika dola 100,000. Alichagua kutomlaumu baba yake hadharani, akajenga maisha mengine na hatimaye kuwa balozi wa Marekani nchini Ghana na baadaye Chekoslovakia. Watu humsifu kwa hilo, nami namsifu, ila naona hatari katika sifa hizo, kwa sababu zinaelekea kuifanya hasara kuwa mtihani wa tabia: Temple alifaulu kwa kusamehe, Coogan akafeli kwa kushtaki. Mtoto aliyeibiwa hadaiwi ukarimu.

Coogan mwenyewe aliishi miaka 45 baada ya kesi. Alijiunga na jeshi mwezi Machi 1941, kabla ya shambulio la Pearl Harbor lililoiingiza Marekani vitani, na baadaye akaomba kuhamishiwa jeshi la anga awe rubani wa ndege zisizo na injini, zile zilizovutwa angani kwa kamba na kisha kuachiwa zitue zenyewe gizani. Usiku wa tarehe 5 Machi 1944 alikuwa miongoni mwa marubani walioshusha vikosi vya Uingereza katika misitu ya Burma, nyuma ya mistari ya Wajapani, kazi iliyoua wengi. Ni ajabu kwamba sehemu hii ya maisha yake hutajwa kwa sentensi moja tu, ilhali ndiyo ya kwanza aliyoichagua mwenyewe. Baada ya vita alichukua kazi yoyote ya uigizaji iliyopatikana, mingi yake midogo, mpaka televisheni ilipomrudisha kwa umma kati ya mwaka 1964 na 1966 kama Mjomba Fester katika The Addams Family, vipindi 64 vya mzee mnene mwenye kichwa cha upara anayewasha taa ya umeme kwa kuitia mdomoni. Watazamaji wengi hawakujua kwamba chini ya upara ule kulikuwa na nywele zilizowahi kunyolewa kama habari ya dunia. Nikivitazama vipindi vile naona nusu sekunde ileile ya mchezo wa vioo, katika jinsi anavyosubiri kabla ya kugeuza macho. Ufundi haukuwa umekwenda popote. Alifariki Santa Monica tarehe 1 Machi 1984, akiwa na miaka 69.

Sheria inayobeba jina lake ilirekebishwa kwa dhati miaka 15 baada ya kifo chake, na waliosukuma marekebisho hayo walikuwa pamoja na watu waliopitia njia yake. Mmoja wao ni Paul Petersen, aliyekuwa mwigizaji wa televisheni utotoni, ambaye mwaka 1990, baada ya mwenzake wa zama zile Rusty Hamer kujiua, alianzisha shirika la kuwatetea waigizaji watoto, wa sasa na wa zamani. Kuanzia tarehe 1 Januari 2000, California inatambua kwamba ujira wa mtoto msanii ni mali ya mtoto. Mwajiri analazimika kupeleka asilimia 15 ya mapato ghafi moja kwa moja katika akaunti ya amana iliyofungwa mpaka mtoto afikishe miaka 18, bila kujali kama mkataba ulipita mahakamani au la. New York na majimbo mengine machache yana sheria zinazofanana nayo.

Haya ni mafanikio makubwa, na anayeyabeza hajui yalivyochelewa. Lakini asilimia 15 ni kidogo. Ile 85 iliyobaki ni ya mtoto kwa maandishi, huku mikononi ikiwa ya mzazi, na kuidai inabidi mtoto afanye lilelile alilolifanya Coogan: akue, agundue, kisha ampeleke mzazi wake mahakamani. Wangapi wanaweza? Imani ile iliyomfanya alie alipotishwa ndiyo itakayomzuia asishtaki. Ningependa kiwango kiwe angalau nusu, kile ambacho hata sheria dhaifu ya 1939 ilikiruhusu, na mzazi anayetaka zaidi kwa matumizi ya kweli ya mtoto aombe kibali na kutoa hesabu.

Wakati hoja hiyo haijaisha, kazi yenyewe imehama studio na kuingia sebuleni. Familia zinazopiga video za watoto wao kila siku na kuzirusha mtandaoni, zikilipwa na matangazo na wadhamini, zimemrudisha Jackie Coogan katika hali aliyokuwamo mwaka 1919, isipokuwa sasa mzazi na mwajiri ni mtu mmoja. Illinois ilikuwa jimbo la kwanza kutunga sheria kuhusu hilo, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, ikitaka mtoto wa chini ya miaka 16 anayeonekana kwa kiwango fulani katika video za kulipwa awekewe sehemu ya mapato. California ilifuata mwaka huohuo na sheria zake zikaanza mwezi Januari 2025. Minnesota ikaenda mbali zaidi kwa kuwazuia watoto wa chini ya miaka 14 kufanya kazi hiyo. Utetezi unaosikika dhidi ya sheria hizi ni uleule wa Lillian Coogan, karibu neno kwa neno: hapa si studio, ni nyumbani, mtoto anacheza tu.

Fedha ni sehemu rahisi ya jambo hili, kwa sababu huhesabika. Ugumu uko katika zile dakika chache ambazo Chaplin alijifungia chumbani. Katika studio za California siku hizi, mtoto mchanga wa chini ya miezi sita haruhusiwi kufanya kazi mbele ya kamera zaidi ya dakika 20 kwa siku, na kwa watoto wakubwa zaidi yuko mwalimu wa studio ambaye, mbali na masomo, amepewa wajibu wa kulinda afya, usalama na maadili yao. Kama tukio la lori lingepigwa leo, mwalimu huyo angekuwa na mamlaka ya kumzuia baba asimtishe mtoto, na kumwondoa mtoto hapo ikibidi. Katika video inayopigwa nyumbani hakuna saa wala mwalimu. Mzazi ndiye mwenye kamera, ndiye anayejua kwamba kilio hutazamwa kuliko kicheko, na ndiye anayeamua ni mara ngapi tukio lirudiwe.